Mji Mkongwe wa Unguja kwa siku moja: anzia Darajani, malizia Forodhani

Wageni wengi hushuka boti Malindi, wakafuata ukuta wa bahari mpaka bustani ya Forodhani, wakapiga picha, kisha wakajitosa vichochoroni saa saba mchana jua likiwa utosini. Hata mimi mwaka wangu wa kwanza wa kutembeza watu nilifanya hivyo hivyo. Familia moja ya kutoka Dodoma ilinifuata kimya mpaka mtoto wao mdogo akakaa chini katikati ya njia akakataa kuinuka. Tangu siku hiyo naugeuza mji: asubuhi naanzia sokoni, mchana niko kwenye kivuli cha nyumba, jioni naibukia baharini.

Kabla ya kutoka, vaa nguo zinazofunika mabega na magoti, na viatu vilivyokwisha kuuzoea mguu. Ukija Ijumaa, jua kwamba adhuhuri maduka mengi hufunga kwa ajili ya sala. Papasi, yaani kijana anayewafuata wageni njiani akitaka kuwatembeza, akikuandama, msalimie, mwambie umeshapata mwenyeji, na usisimame.

Hatua ya 1: Darajani, saa mbili asubuhi

Hapa palikuwa na daraja kweli. Mkondo wa bahari ulitenga mji wa mawe na upande wa pili, ndiyo maana upande ule ukaitwa Ng'ambo. Mkondo umefukiwa na barabara imepita juu yake, lakini mtu akivuka bado anakwambia anakwenda Ng'ambo.

Soko lenye paa ni la mwaka 1904. Pita kwenye nyama haraka kama tumbo lako jepesi, ukae kwenye viungo. Vile vikapu vidogo vilivyofungwa nailoni vimepangwa kwa ajili ya macho. Mwombe muuzaji akupimie kutoka kwenye gunia. Karafuu ibonyeze kwa ukucha: nzuri hutoa mafuta, iliyochoka hukatika kavu kama kijiti.

Hatua ya 2: Mkunazini

Kutoka sokoni ni dakika chache tu kwa miguu. Usiende na haraka, na kama una nusu siku tu, punguza kwingine kote lakini hapa usipunguze.

Soko la watumwa lililokuwa hapa lilifungwa Juni 1873, baada ya Sultani Barghash kutia saini mkataba na Waingereza. Mwaka huohuo wamisionari wa Kianglikana wakaanza kujenga kanisa juu ya uwanja wake. Ndani, mbele ya altare, kuna duara la marumaru. Mapokeo ya kanisa yanasema hapo ndipo uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Msalaba wa mbao ulio karibu ulichongwa kutokana na mti wa Chitambo, Zambia, ambao chini yake ulizikwa moyo wa David Livingstone. Kisha rudi mlangoni uzitazame nguzo fupi: baadhi zimesimama kichwa chini miguu juu. Mafundi walizisimika askofu akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha.

Askofu huyo ni Edward Steere, na sisi tunaosoma Kiswahili tuna deni kwake la namna fulani. Aliandika sarufi na kutafsiri sehemu kubwa ya Biblia kwa Kiunguja, lahaja ambayo baadaye ndiyo ilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu. Amezikwa nyuma ya altare.

Nje kuna shimo lenye sanamu za watumwa waliofungwa minyororo, kazi ya msanii wa Sweden, Clara Sörnäs, ya mwaka 1998. Watu wakifika hapa hunyamaza wenyewe. Vile vyumba vya chini vyenye dari fupi utaambiwa ndimo watumwa walimofungiwa. Mimi siku hizi husema hivi: jengo lililo juu yake lilijengwa na wamisionari baada ya soko kufungwa, na wapo wanahistoria wanaoipinga hadithi hiyo. Yaliyotendeka kwenye kiwanja chenyewe hayana ubishi, na yanatosha.

Hatua ya 3: Zima ramani ya simu, soma milango

Elekea magharibi kupitia Hamamni, palipo na bafu la umma lililojengwa enzi za Barghash kwa mtindo wa Kiajemi. Ndani ni pakavu sasa, lakini mashimo ya darini yanashusha mwanga mzuri.

Kisha potea. Mji ni mdogo, ukipotea robo saa utatokea Darajani au baharini. Wakati huo tazama milango. Wenye kizingiti cha juu kilichonyooka ni mtindo wa Kiarabu na kwa kawaida ndio wa zamani zaidi. Wenye upinde juu, ulionakshiwa majani na maua, ni mtindo wa Kihindi. Misumari mikubwa ya shaba nayo ilitoka India, ambako inasemekana ilizuia tembo wasisukume milango. Unguja tembo hakuna. Ilibaki kuwa fahari ya mwenye nyumba.

Kumbuka hizo ni nyumba za watu. Ukikuta wazee wamekaa barazani, toa salamu kwanza, picha baadaye. Na bibi aliyevaa buibui usimpige picha bila kumwomba.

Hatua ya 4: Kahawa Jaws Corner

Njia kadhaa zinakutana hapa. Utaona mabirika, dhumna, bao, na mabishano ya siasa yasiyokwisha. Agiza kahawa chungu na kashata, kaa, sikiliza. Ukiulizwa wewe chama gani, sema umekuja kunywa kahawa.

Hatua ya 5: Ukanda wa bahari, baada ya alasiri

Fuata Gizenga mpaka Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waarabu wa Oman baada ya kuwatoa Wareno, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Jirani yake ni Beit al-Ajaib ya mwaka 1883, nyumba ya kwanza mjini kuwaka umeme. Sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki. Itazame kutoka ng'ambo ya barabara.

Mbele kidogo ni jumba la kasri. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza zilipiga mizinga hapa kwa dakika zisizofika hamsini, kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitwalia kiti cha usultani bila ridhaa ya Waingereza. Pakiwa wazi, ingia utafute chumba cha Sayyida Salme, binti wa Sultani Said aliyeondoka Unguja mwaka 1866 na kuolewa na Mjerumani. Ukiwa na nguvu, endelea mpaka Dispensari ya Zamani iliyojengwa kwa fedha za Tharia Topan, mfanyabiashara tajiri wa Kihindi, uone nakshi za roshani zake, ndipo urudi.

Hatua ya 6: Forodhani, kabla ya magharibi

Wauzaji wa vyakula huanza kuwasha majiko jioni. Ulizia bei ya kila mshikaki kabla haujagusa moto, na samaki wa baharini mwombe muuzaji akuoneshe kabla hajamchoma. Mimi huwa naagiza urojo, nakwenda kukaa ukutani na bakuli langu. Maji yakiwa yamejaa, vijana wa mjini hupiga mbio na kujirusha baharini mmoja mmoja, na yule anayeanguka kwa tumbo ndiye anayeshangiliwa zaidi.