Jongo likikuvamia usiku: tumia barafu, lakini hivi

Jongo hupenda kuvamia usiku. Umelala mzima, alfajiri shuka likigusa tu kidole gumba cha mguu unapiga yowe. Wengi wa ninaowauguza hukimbilia beseni la maji moto. Limwage. Kiungo kinawaka kwa sababu mwili unapambana na chembe kali za asidi ya yuriki zilizoganda ndani yake, na joto linaweza kuzidisha uvimbe.

1. Jiulize kama kweli ni jongo. Kama ni mara yako ya kwanza, au una homa, unatetemeka, au kuna kidonda karibu na kiungo, nenda hospitali leo hii. Kiungo kilichoingiwa na vijidudu hufanana mno na chenye jongo, na huharibika ndani ya siku chache.

2. Pima hisia za ngozi. Iguse kwa ncha ya kitambaa. Kama huhisi vizuri, jambo la kawaida kwa wenye kisukari cha muda mrefu, au damu haifiki vyema miguuni, barafu si yako. Itakuunguza bila wewe kujua.

3. Funga barafu kwenye taulo jembamba. Isiguse ngozi. Mfuko wa njegere zilizogandishwa ni bora kuliko mabonge, maana hujikunja kufuata umbo la kidole. Inua mguu juu ya mto, weka kwa dakika 20, kisha toa. Rudia mara nne hivi kwa siku. Ngozi ikiwa nyeupe au ikifa ganzi, acha mara moja.

Utaniuliza: si asidi hiyo huganda zaidi penye baridi? Ndiyo, na huenda ndiyo sababu kidole gumba, kilicho mbali na moyo, huathirika sana. Lakini katika jaribio dogo la mwaka 2002, wagonjwa waliotumia barafu pamoja na dawa walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu kuliko waliotumia dawa peke yake. Barafu ni ya wakati wa shambulio tu.

4. Kunywa maji, pombe weka kando. Aspirini usiimeze kwa ajili ya maumivu haya. Kwa dozi ndogo hupandisha asidi ya yuriki. Ila kama daktari alikuandikia kwa ajili ya moyo, usiiache bila kumuuliza. Alopurino nayo, dawa ya kupunguza asidi ya yuriki, kama ulishaianza, endelea nayo.

Na ile baking soda ya kuumulia keki inayosifiwa kila mahali kama dawa ya jongo? Mimi siishauri. Kijiko kimoja cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, hatari kwa mwenye presha, moyo au figo, na wagonjwa wengi wa jongo wana mojawapo.

Barafu hupoza maumivu, haiondoi asidi. Maumivu yakikaza baada ya siku mbili, au mashambulizi yakijirudia ndani ya mwaka, kapime asidi ya yuriki kwenye damu: lengo la tiba huwa iwe chini ya miligramu 6 kwa desilita.