Somo: Kung'oa vigae vya zamani mwenyewe kabla ya kuweka sakafu mpya

Ndugu zangu, wengi huiogopa kazi hii kwa sababu ya kelele za nyundo. Kigae chenyewe hutoka. Jasho lipo kwenye gundi inayobaki chini yake. Ukiiacha na vinundu, vigae vipya vitapasuka, au mbao za laminati zitabonyea na kulia kila mtu akipita.

Kwanza ujue unang'oa nini. Kama ni vigae vya zamani vya vinyli, hasa vile vidogo vya sentimita 23 kwa 23, au unaona gundi nyeusi kama lami, simama hapo hapo. Vingi vya kabla ya miaka ya 1980 vilichanganywa na asbesto, nyuzi za madini zinazodhuru mapafu zikivutwa. Usivivunje, usivipige msasa. Mwite mtaalamu achukue sampuli ipimwe maabara. Somo hili ni la vigae vya kauri na poseleni.

Hatua ya 1. Toa vitu vyote chumbani, bandua skatingi (vipande vya chini ya ukuta vinavyozunguka sakafu), ziba mlango kwa nailoni. Vumbi la gundi ya saruji lina silika, nayo huharibu mapafu polepole, mtu asijue mpaka amechelewa. Kwa hiyo vaa barakoa ya N95 au FFP2, ya kitambaa haitoshi. Miwani, glovu nene na viatu vigumu ni lazima: kigae kilichovunjika hukata kama wembe.

Hatua ya 2. Gonga vigae kimoja kimoja kwa mpini wa nyundo. Kilichoshika hutoa mlio mzito na mfupi. Kilichoachia hulia kama debe tupu. Anzia hapo. Kama vyote vimeshika, kwangua grauti (kijazo cha nafasi kati ya vigae) pande nne za kigae kimoja, kifunike kitambaa vipande visiruke, kisha kivunje katikati.

Hatua ya 3. Ingiza tindo pana chini ya kigae cha jirani, ukiwa umeilaza, nyuzi 30 hivi. Ukiisimamisha unachimba zege. Chumba changu cha kwanza niliisimamisha kwa haraka zangu, nikashinda kutwa nzima nikiziba mashimo.

Kila kigae kikitoka, kigeuze ukitazame mgongo. Mgongo ukiwa msafi, na mistari ya gundi iliyochorwa na mwiko wa meno imebaki sakafuni, vinavyofuata vitatoka kwa urahisi. Ukiona kimebeba vipande vya lipu ya sakafu (tabaka la saruji lililo chini ya gundi), punguza nguvu. Lipu yako ni dhaifu. Kifusi weka nusu ndoo tu, maana mita mraba moja hufika kilo 20 hivi.

Hatua ya 4. Sasa gundi. Kwangua kwa tindo pana kadiri uwezavyo, iliyobaki isage kwa grenda yenye kikombe cha almasi (diski ya kusagia zege), iliyounganishwa na mashine ya kufyonza vumbi. Usifagie pakavu. Kisha laza rula ya aluminiamu ya mita 2 kila upande, umulike tochi kwa nyuma: mwanga unapopenya pana bonde, rula inapocheza pana kilima. Weka alama kwa chaki, saga vilima, jaza mabonde kwa mchanganyiko wa kusawazisha sakafu. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

MASWALI

Swali: Mkuu, siwezi kubandika vipya juu ya vya zamani?
Jibu: Inawezekana kama vyote vimeshika na sakafu imenyooka. Ila sakafu itapanda, milango itakwaruza, na kwenye ghorofa uzito uulizwe kwa mhandisi.

Swali: Bafuni kwangu kuna utando wa kuzuia maji. Utapona?
Jibu: Dada, hesabu kwamba umeshachanika. Paka mpya kabla ya vigae. Na kabla hujapiga nyundo, ziba tundu la maji machafu kwa matambara. Kifusi kikiingia mle ni kazi nyingine.

Swali: Nitajuaje kama zege lina unyevu?
Jibu: Bandika kipande cha nailoni cha sentimita 45 kwa 45, ukizibe pande zote kwa utepe, ukiache angalau saa 16. Ukikuta matone chini yake au zege limekoza rangi, usiweke mbao bado.

Swali: Fundi, sakafu yangu ina nyaya za kupasha joto.
Jibu: Zima umeme kwenye swichi kuu, na usitumie tindo kabla hazijatafutwa kwa kipimo. Mara nyingi hulala ndani ya gundi yenyewe, kwa hiyo kigae kikitoka kinaweza kutoka nazo.