Namna ya Kukagua kwa SQL Kama Rekodi za Jedwali Moja Zipo katika Jedwali Jingine

Chama cha msingi cha ushirika kinachopokea kahawa katika vijiji vya Moshi hakiwezi kufanya kazi bila vitabu viwili: rejista ya wanachama, na kitabu cha mapokezi kinachojazwa kila mkulima anapopima kahawa yake ya maganda kwenye mizani. Vitabu hivyo vikihamishiwa kwenye kompyuta huwa majedwali mawili ya hifadhidata, na maswali ambayo katibu aliyajibu kwa kufunua kurasa sasa huulizwa kwa SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata: ni wanachama gani walioleta kahawa msimu huu, ni nani hawajaleta, na je, ipo stakabadhi yenye namba isiyo ya mwanachama yeyote? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, kwa kuwa stakabadhi isiyojulikana mwenyewe ni kilo za mkulima ambaye malipo ya pili hayatamfikia.

Tuchukulie kwamba jedwali la wanachama lina safu za namba, jina na kijiji, na jedwali la mapokezi lina stakabadhi, namba_mwanachama, kilo na msimu. Wengi hukimbilia kuyaunganisha majedwali hayo kwa JOIN, lakini mkulima aliyepeleka kahawa mara sita atatokea mara sita katika matokeo, kisha itabidi marudio hayo yaondolewe kwa DISTINCT. Wengine huhesabu kwa COUNT na kuangalia kama jumla inazidi sifuri, ilhali hakuna aliyeuliza idadi. Swali la kuwepo au kutokuwepo lina neno lake, nalo ni EXISTS:

```sql
SELECT w.namba, w.jina
FROM wanachama w
WHERE EXISTS (
    SELECT 1
    FROM mapokezi m
    WHERE m.namba_mwanachama = w.namba
      AND m.msimu = '2024/2025'
);
```

Kwa kila mwanachama, swali la ndani linatafuta walau mstari mmoja unaolingana naye. Ukipatikana, jibu ni kweli, na hakuna haja ya kutafuta wa pili. Tarakimu 1 iliyo baada ya SELECT haina athari yoyote, kwa sababu EXISTS haitazami kilichochaguliwa bali hutazama tu kama kuna mstari uliorudi. Sharti linalopaswa kulindwa ni lile linalolinganisha m.namba_mwanachama na w.namba. Likisahaulika, swali la ndani halimhusu tena mwanachama fulani, hivyo stakabadhi moja tu ya msimu huo inatosha kuwarudisha wanachama wote, hata wale ambao hawajaleta chochote.

Ili kuwapata ambao hawajaleta kahawa, andika NOT EXISTS mahali pa EXISTS na uache mengine yote kama yalivyo. Matokeo hayo hayo yanaweza kupatikana kwa LEFT JOIN, inayowabakiza hata wanachama wasio na stakabadhi, ukichukua tu mistari ambayo m.namba_mwanachama ni NULL, yaani haina thamani yoyote, ila sharti la msimu lazima likae ndani ya ON, panapoandikwa masharti ya kuunganisha majedwali. Likiwekwa kwenye WHERE, linawaondoa wale wale unaowatafuta, kwa kuwa mtu asiye na stakabadhi hana msimu wa kulinganishwa.

Njia ninayoomba iepukwe ni NOT IN, kama ifuatavyo:

```sql
SELECT namba, jina
FROM wanachama
WHERE namba NOT IN (
    SELECT namba_mwanachama
    FROM mapokezi
    WHERE msimu = '2024/2025'
);
```

Inasomeka vizuri na mara nyingi hujibu sawasawa, mpaka siku karani atakapoacha wazi namba ya mwanachama katika stakabadhi moja tu ya msimu huo. SQL ina hali tatu za ukweli, si mbili: kweli, si kweli na haijulikani. Hifadhidata ikiulizwa kama namba 212 ni tofauti na NULL, hujibu kwamba haijulikani, na kwa sababu NOT IN hudai tofauti na kila kilichomo katika orodha, hakuna mwanachama hata mmoja anayeweza kupita. Matokeo yatarudi matupu bila onyo lolote, na msomaji atadhani kwamba wanachama wote wameleta kahawa. IN ya kawaida haina hatari hiyo, kwani inatosha namba moja kulingana.

Mtego mwingine, unaozipata IN na NOT IN kwa pamoja, unatokana na majina ya safu. Ukiandika kwa bahati mbaya SELECT namba FROM mapokezi, ilhali safu hiyo haimo katika mapokezi, SQL haitalalamika. Itaichukua namba ya jedwali la nje na kuilinganisha na yenyewe. Ndiyo maana herufi w na m za kutambulisha majedwali zinafaa kuandikwa mbele ya kila safu, hata pale zinapoonekana kuwa za ziada.

Kulinganisha kufanywe kwa namba ya uanachama, kamwe si kwa jina. Katika kijiji kimoja cha Kilimanjaro akina Mushi, Massawe au Lyimo huwa wengi, na majina ya ubatizo nayo hujirudia. Namba zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi, '0147' na '147' ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo zisahihishwe katika jedwali lenyewe kabla ya ukaguzi. Jedwali la mapokezi likiwa kubwa, tengeneza faharasa kwenye namba_mwanachama na msimu ili utafutaji uwe mwepesi.

Sasa tugeuze mwelekeo ili tupate stakabadhi zisizo na mwenyewe:

```sql
SELECT m.stakabadhi, m.namba_mwanachama, m.kilo
FROM mapokezi m
WHERE NOT EXISTS (
    SELECT 1
    FROM wanachama w
    WHERE w.namba = m.namba_mwanachama
);
```

Hapa NOT EXISTS inaonyesha pia stakabadhi zilizoachwa wazi, kwa kuwa NULL hailingani na namba yoyote. Kila mstari utakaotokea upelekwe kwa karani wa mizani na ulinganishwe na nakala ya karatasi kabla malipo hayajaandaliwa. Zote zikishasahihishwa, safu ya namba_mwanachama ifungwe kwa FOREIGN KEY inayorejelea wanachama, ambayo itakataa namba isiyokuwemo katika rejista. Iongezwe na NOT NULL, kwa sababu FOREIGN KEY pekee huiruhusu stakabadhi isiyo na namba kupita.