Ukichinja, uvimbe wa kwenye maini usimtupie mbwa: namna ya kujikinga na minyoo ya wanyama

Wengi wakisikia minyoo ya wanyama wanawaza nyama tu, pika vizuri yameisha. Hapana jamani, kuna mbwa, kuna mikono, kuna choo.

Anzia siku ya kuchinja. Kagua maini na mapafu ya kondoo au mbuzi, ukikuta uvimbe mweupe umejaa maji ujue ndani kuna tegu (minyoo bapa) wachanga. Wewe ukila hilo ini huambukizwi hao, shida ni mbwa, maana akila hayo mabaki wanakomaa tumboni mwake, baada ya wiki kadhaa kinyesi chake kina mayai usiyoyaona kwa macho, yanaganda kwenye manyoya, kwenye nyasi, kwenye mboga, mtoto anamshikashika halafu anakula bila kunawa, basi uvimbe uleule unaota kwenye ini lake yeye, polepole, na miaka inapita hajasikia hata maumivu. Kwa hiyo mbwa alie asilie usimpe. Choma mpaka jivu, au chemsha nusu saa nzima, au fukia chini sana asifukue. Na ukimpa dawa ya minyoo hakikisha ina prazikwanteli, sio kila dawa inaua tegu.

Nguruwe sasa. Nyama yenye vipunje vyeupe ukiila haijaiva unapata tegu wa utumbo, huyo anatibika, ila mtu mwenye tegu asiponawa baada ya choo anasambaza mayai, na anayeyameza, hata kama hajawahi kuonja nguruwe, tegu wachanga wanaweza kumfikia kwenye ubongo akaanza kifafa. Hapa choo na sabuni ndo kinga.

Kupika: nyama ya kusaga na ya porini ifike nyuzi 71 za Selsiasi katikati, pande zima la nguruwe 63 halafu liache dakika 3 kabla ya kukata. Nguruwe pori usitegemee friza, chumvi wala moshi, kuna minyoo inavumilia baridi kali.

Paka: kinyesi kitolewe kila siku, vimelea vyake (hivi sio minyoo) vinahitaji siku 1 hadi 5 ndo viweze kuambukiza, na mama mjamzito amwachie mtu mwingine kazi hiyo.

Ukiugua, homa na misuli kuuma wiki chache baada ya kula nyamapori, au kifafa kimekuanza ukubwani, mwambie daktari ulichokula na wanyama unaoishi nao, usisubiri akuulize.