Somo: Kuchagua wino wa damu ya mzee

Niliahidi somo hili wiki iliyopita, na wanachama wawili wameshanikumbusha. Nazungumzia kalamu ya wino, siyo biki, na rangi ni damu ya mzee hasa, siyo ule wekundu wa kusahihishia madaftari.

Hatua ya kwanza, soma chupa. Kama haijaandikwa kuwa wino ni wa kalamu hizi, iache dukani. Mimi sikusoma. Duka moja hapa Kigoma mjini waliniuzia wino wa mhuri, "rangi ni ileile, mwalimu", nami nikajaza. Kesho yake kalamu ikagoma. Niliiloweka siku tatu, maji yakitoka mekundu kama juisi ya choya, na mpaka leo inakwaruza. Wino wa kuchorea wenye shelaki, ile gundi ya asili inayokauka ikawa ngumu, nao hugandia humohumo ndani.

Hatua ya pili, jua wekundu wake umeegemea wapi. Weka tone kwenye tishu, ongeza tone la maji, kisha subiri rangi zitawanyike. Pembeni pakitokea umanjano wa mawese, maandishi yataelekea udongo. Pakitokea waridi au zambarau, yataelekea mvinyo. Mimi ni mtu wa udongo, ndiyo maana wino wa Diamine Oxblood wa kule Liverpool haukosekani mezani kwangu. J. Herbin wa Ufaransa wana Rouge Hematite yenye vumbi la dhahabu. Inapendeza kwenye kadi ya harusi, lakini vumbi hutuama, basi tikisa chupa kabla ya kujaza na usiilaze ndani ya kalamu mwezi mzima.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe. Andika kwa kalamu yako, kwenye karatasi unayotumia kila siku, acha ikauke, halafu toka nayo barazani. Taa ya ndani inadanganya, na picha ya simu ndiyo kabisa. Kalamu inayomwaga wino hukoleza hadi karibu na weusi, ile bahili hupausha. Geuza na upande wa pili: kaunta buku nyingi za bei rahisi huvujisha.

Maswali

Mwanachama wa Ujiji: Shikamoo mwalimu. Nina nyekundu ya kawaida, naweza kuongeza tone la nyeusi?
— Marahaba. Unaweza, ila ziwe za kampuni moja. Changanya kidogo kwenye kichupa, kiache siku kadhaa. Ukiona machicha chini, mwaga.

Mwanachama wa Kasulu: Ratiba niliyobandika dirishani imepauka yote. Nimeuziwa feki?
— Hapana, dada. Wino mwingi wa namna hii ni rangi iliyoyeyushwa kwenye maji tu, jua huila. Ukitaka wa kudumu, tafuta wenye chuma, kama Cassis Black ya Platinum: unaandika mwekundu, baadaye unakolea kuelekea weusi. Una asidi, kwa hiyo suuza kalamu mara kwa mara.

Mwanachama wa Kibondo: Kalamu yangu ni ya plastiki angavu, itabaki na doa?
— Inaweza, nyekundu ni king'ang'anizi. Suuza kwa maji baridi kila unapojaza upya, kamwe usitumie ya moto. Yangu ina alama ya waridi shingoni, nimeshaizoea.