Jinsi ya kuandika habari za makumbusho mtu asome mpaka mwisho

Posti nyingi za makumbusho na maeneo ya kihistoria zinafanana, picha ya jengo kwa mbele, "karibuni nyote mjionee urithi wetu", saa za kufungua, basi. Hazina kosa ila hazimshiki mtu, manake hakuna cha kuangalia pale wala cha kuuliza. Sasa kama wewe ndo umepewa kazi ya kuandika, iwe lebo za ukutani, tovuti au mitandao ya kijamii, anza na kitu kimoja na swali moja.

Swali utalipata wapi? Kwa mlinzi wa ukumbini, kwa waongoza wageni, kwa anayekata tiketi. Wao ndo wanashinda na wageni siku nzima. Ukiwauliza watu wanapenda kujua nini watakwambia: hiki ni cha kweli au cha kuiga, watu wa hapa walikuwa wanalala wapi, mbona kimepasuka, mlikipataje. Yaandike kama yalivyo bila kuyapamba, hapo tayari una mada za miezi kadhaa, na bora kuliko zile za kwenye kikao. Machi 2020, National Cowboy & Western Heritage Museum ya Oklahoma City ilipofungwa kwa sababu ya korona, akaunti ya Twitter ilikabidhiwa mkuu wa ulinzi, akawa anaandika kwa lugha yake tu kama anavyoongea, hashtegi zenyewe anazikosea, na watu wakampenda kwelikweli. Alikuwa anazunguka kwenye kumbi tupu anaonyesha kitu kimoja kimoja.

Ukishapata swali, nenda kasimame mbele ya kitu chenyewe. Usiandikie mezani ukiwa na faili la kumbukumbu za kitu hicho peke yake, utaishia kunakili faili. Chukulia lebo kama hii, ambayo umeiona mara mia:

"Chungu. Udongo uliochomwa. Karne ya 19. Kimo sm 24. Kilitumika kwa matumizi mbalimbali ya nyumbani."

Hapo mgeni kashapita. Halafu ona hii:

"Tazama chini ya mdomo, kulia. Kile kishimo ni alama ya kidole gumba cha aliyekifinyanga. Masizi yameganda upande mmoja tu, ule usio na mkono. Mpishi alikuwa anakiweka vilevile kila siku, pa kushikia pakiwa upande wake."

Chungu ni kilekile, ila ya pili inamwelekeza mtu macho yaende wapi, halafu inamfikisha kwa binadamu aliyekishika. Vipimo na tarehe vipeleke chini kwa maandishi madogo, anayevitaka ataviona. Na kabla hujabandika, mpe mhifadhi, yule mtaalamu anayetunza vitu vya makumbusho, asome, kwa sababu hiyo habari ya masizi ikiwa ni ya kukisia tu basi usiandike kama umeiona kwa macho, andika "huenda". Wageni hawakasiriki kusikia huenda, wanakasirika wakigundua wamedanganywa.

Urefu: lebo ya kitu kimoja maneno 50 hadi 75 yanatosha, bango la kuingilia ukumbini kama 150 hivi. Mtu anasoma akiwa amesimama, miguu inauma, mtoto anamvuta, na nyuma kuna wengine wanasubiri. Isome kwa sauti ukiwa umesimama na wewe, ukiishiwa pumzi katikati ya sentensi ujue ndefu.

Mitandaoni utani unaruhusiwa, tena unasaidia sana, ila utoke kwenye kitu chenyewe. Aprili 2018 Museum of English Rural Life ya kule Reading, Uingereza, walichukua picha ya zamani kwenye kumbukumbu zao, kondoo dume mkubwa ajabu, wakaandika maneno machache ya mtaani ya kushangaa ukubwa wake, ikasambaa dunia nzima. Maktaba yako ya picha nayo lazima ina kondoo wake, hujamtafuta tu. Lakini mabaki ya watu, vitu vya ibada, habari za utumwa au vita, hapo utani weka pembeni kabisa, na kabla hata ya kupiga picha kaongee na jamii yenye vitu vyao waseme kipi kionyeshwe na kipi kisionyeshwe.

Kwenye mpango, usijaze kalenda kila siku halafu wiki ya tatu ukaishiwa. Chagua kitu kimoja kwa wiki, kikupe lebo, video fupi, swali la kuwauliza watu na ukurasa wa tovuti. Tarehe mbili ziweke mapema, 18 Aprili siku ya kimataifa ya maeneo ya kihistoria, na 18 Mei siku ya kimataifa ya makumbusho. Kitu kikiondolewa kwenda kukarabatiwa, usibandike "samahani" ukaondoka, onyesha nafasi iliyobaki wazi na useme kinafanyiwa nini huko. Mona Lisa ilipoibwa Louvre mwaka 1911 watu walipanga foleni kwenda kutazama ukuta mtupu!

Halafu kuna mambo madogo ambayo waandishi wanayadharau na ndo wageni wanayatafuta zaidi: kuna ngazi ngapi, kiti cha magurudumu kinapita, choo kiko wapi, picha zinaruhusiwa, kuzunguka kote kunachukua muda gani. Hayo yawe juu kabisa kwenye tovuti, sio yamefichwa chini ya hotuba ya mkurugenzi. Kila picha iwe na maelezo ya maandishi kwa wasioona. Picha isiyojulikana ni mali ya nani, ulizia kwanza ndo uiweke.

Matokeo usipime kwa laiki peke yake. Soma komenti, na ukiona mtu kaandika "hiki bibi alikuwa nacho" mjibu siku hiyohiyo, muulize alikuwa anakitumiaje, kisha akikubali jibu lake mpelekee mhifadhi, mara nyingi linakuwa na habari ambayo faili halina.