Jinsi ya kuomba anwani ya IP ya umma pale upakiaji wa faili unapozorota baada ya kuhamia Linux

Aliyehamia Linux akakuta Transmission, programu ya kugawana faili za torrenti, inapakua vizuri lakini inapakia kwa kujikokota, aghalabu huulaumu mfumo mpya. Mara nyingi kasoro ni poti, yaani mlango wenye namba ambao programu hupokelea mawasiliano: kompyuta za wenzake anaogawana nao faili haziwezi kuifikia yake, hivyo anawagawia faili wale tu ambao yeye ndiye aliyeanza kuwasiliana nao. Kabla ya kumwandikia mtoa huduma, hakikisha tatizo haliko nyumbani, kwani ombi lisilo na ushahidi hujibiwa kwa ushauri wa kuzima ruta na kuiwasha.

Anza na kompyuta. Transmission hutumia poti 51413 isipokuwa umeibadilisha. Ikiwa ufw, ngome ya mtandao ya Linux, imewashwa, fungua poti hiyo kwa amri ya sudo ufw allow 51413, inayoruhusu TCP na UDP, njia mbili za kusafirisha data, kwa pamoja. Kisha andika hostname -I uone anwani ya kompyuta ndani ya nyumba. Hapa ndipo wengi hukwama: mfumo ukibadilika, ruta inaweza kuipa kompyuta ileile anwani mpya, huku kanuni ya kuelekeza poti iliyowekwa kwenye ruta ikiendelea kupeleka mawasiliano kwenye anwani ya zamani, ambako hakuna wa kuyapokea. Rekebisha kanuni hiyo, itengee kompyuta anwani isiyobadilika, kisha ujaribu poti katika mipangilio ya mtandao ya Transmission.

Ikiwa poti bado imefungwa, fungua ukurasa wa hali ya ruta na usome anwani ya upande wa nje. Ukiona, mathalani, 100.72.14.9, ilhali tovuti ya kuonyesha anwani inakupa nyingine kabisa, umefika kwenye kiini: namba kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255 zimetengewa watoa huduma wanaoweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya umma, yaani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti, na hakuna amri ya Linux itakayoondoa kizuizi hicho.

Sasa omba. Taja namba ya akaunti, kifurushi, anwani zote mbili, pamoja na tarehe na saa uliyozisoma. Ombi lenyewe liwe fupi: “Naomba kupewa anwani ya IPv4 ya umma kwenye laini yangu, kwa kuwa kwa sasa natumia anwani ya pamoja na siwezi kupokea mawasiliano kutoka nje. Naomba pia kujulishwa gharama yake kwa mwezi.” Usiombe kuongezewa kasi, maana unaweza kuuziwa kifurushi kikubwa zaidi na poti ikabaki imefungwa. Si lazima anwani iwe ya kudumu. Hata inayobadilika inatosha, mradi ni ya umma.

Ukijulishwa kwamba imewekwa, zima ruta na kuiwasha, hakikisha anwani mbili zile sasa zinalingana, kisha ujaribu poti upya. Kumbuka kwamba laini ya kupakia megabiti 8 kwa sekunde haiwezi kuzidi megabaiti 1 kwa sekunde, kwa hiyo weka kikomo cha upakiaji chini kidogo ya hapo, ili wengine nyumbani nao waweze kutumia intaneti.